Ganzi ya miguu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Dada, umeuliza kama ganzi ya nyayo na kuyumba unapotembea, miezi kadhaa baada ya upasuaji, ni mwili tu unazoea. Si hivyo. Kapimwe wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki.

Mimi nilifanyiwa ule wa kupunguza tumbo na kuunganisha utumbo. Mwaka wa kwanza mambo safi. Baadaye vidole vya miguu yote miwili vikaanza kufa ganzi, kisha nyayo zikawa zinawaka moto usiku. Kilichonishtua zaidi ni kunawa uso: nikifumba macho tu, nataka kuanguka. Daktari wa kwanza akapima wingi wa damu, akakuta uko sawa, akasema sina upungufu wowote. Hapo ndipo wengi hukwama. Upungufu wa vitamini B12 unaweza kuharibu neva na uti wa mgongo hata kama damu haijapungua, hasa ukiwa unameza asidi ya foliki, maana hiyo hurekebisha damu huku neva zikiendelea kuumia. Daktari wa pili alinisimamisha miguu pamoja, macho nimefumba, nikayumba. Akaagiza kipimo cha B12 yenyewe, ikakutwa chini sana.

Ini huweka akiba ya B12 ya miaka, ndiyo maana tatizo huchelewa kujitokeza. Kama unatumia metformin (dawa ya kisukari) au dawa za kupunguza asidi tumboni, uko kwenye hatari zaidi. Mimi sasa nachomwa sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Moto umeisha na siyumbi tena, ila ganzi ya vidole haijaondoka yote. Neva zikicheleweshwa hazirudi zote.

Hukusema kama unatapika, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Vitamini B1, yaani thayamini, haina akiba kubwa. Wiki mbili tatu za kutapika zinaweza kuimaliza. Mwenzangu tuliyefanyiwa upasuaji kipindi kimoja alitapika mpaka akaanza kuona vitu viwili viwili, anapepesuka, anasahau alichosema muda huohuo. Nyumbani wakadhani ni uchovu. Ulikuwa ugonjwa wa Wernicke, yaani ubongo kuumia kwa kukosa thayamini, na ule ni dharura ya siku hiyohiyo. Dripu ya glukosi ikitangulia thayamini inaweza kuzidisha madhara, kwa kuwa mwili hutumia thayamini hiyohiyo kuunguza sukari. Anayekusindikiza aseme mapema: amefanyiwa upasuaji wa tumbo, anatapika, aanziwe thayamini ya mshipa.

Jingine: nywele zikianza kunyonyoka, watu hukimbilia vidonge vya zinki. Zinki nyingi huzuia madini ya shaba kufyonzwa, na upungufu wa shaba huleta ganzi na kuyumba vilevile kama B12. Ukimeza zinki, iandamane na shaba, miligramu 1 kwa kila miligramu 8 hadi 15 za zinki.

Kama ni mguu mmoja tu na unaburuza kidole gumba, huenda hata si lishe. Ukikonda haraka, neva iliyo pembeni ya goti hupoteza mafuta yanayoikinga, na kukaa umekunja nne kunaibana. Acha kukunja nne.

Omba wapime B12, foliki, B1, shaba na zinki, na B12 ikiwa ya mpakani waongeze kipimo cha asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda mwili ukikosa B12. Kama unatapika au unaona viwili viwili, nenda leo, majibu ya maabara yatakukuta hukohuko.