Usianze vyote kwa mpigo

Pole dada, nimekusoma vizuri, unataka ule vizuri, nyumba iwe safi na ufanye mazoezi, ila unafika home saa mbili usiku umechoka, chipsi mayai njiani, vyombo vinalala kwenye beseni, mazoezi unaanza Jumatatu Alhamisi ushaacha. Mi naona umejibebesha vitu vitatu kwa wakati mmoja, yeyote angechoka.

Anza na msosi. Jumapili chemsha maharage mengi, gawa kwenye vikontena weka friza, ukirudi unaunga tu kitunguu na nyanya, unakatia mchicha pembeni, dakika 20 unakula. Ugali punguza, mboga ongeza. Wiki mbili hivi, usiguse kingine.

Halafu vyombo, osha huku sufuria iko jikoni, na usikae kwanza maana ukishakaa na simu ndo basi tena. Deki iache wikendi.

Mazoezi shuka daladala kituo kimoja kabla, tembea harakaharaka, kama usiku njia ina giza fanya asubuhi. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa mara tano, na kutembea hivyo kunahesabika kabisa. Ila kama una presha, sukari, au kifua kinabana ukitembea, muone daktari kwanza tafadhali.