Kabla Hujanunua Droni Malindi

Haipiti wiki bila kijana mmoja kunifuata barazani na simu mkononi, kwenye simu picha ya droni inayouzwa. Swali ni lilelile: "Kaka, hii ni nzuri?" Nami swali langu ni lilelile: utairushia wapi? Mmoja alinijibu, "Angani." Tulicheka sote, lakini jibu hilo ndilo linalowapotezea watu pesa.

Kwa hiyo kabla ya duka, ramani. Weka ncha ya bikari kwenye uwanja wa ndege wa Malindi uzungushe duara. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinakataza droni ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa, au kilomita 7 za ule mdogo, mpaka upate idhini. Chukua hata hiyo 7: Shela ya Malindi imo, Barani imo, Maweni imo, nguzo ya Vasco da Gama imo. Mji wote umo. Lamu hali ni hiyohiyo, maana uwanja wao uko Manda, ng'ambo tu ya maji, na duara lake linameza mji mkongwe na Shela yake pamoja. Watamu na Gede utatoka nje ya duara, ila magofu ya Gede yako chini ya Makumbusho ya Taifa, na bustani za bahari, ya Malindi na ya Watamu, ni za Shirika la Wanyamapori. Wote hao wanataka barua yao, mbali na ile ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ukienda kaskazini kupiga picha mashamba ya chumvi, kumbuka Ngomeni kuna kituo cha anga za juu cha Waitaliano, kilichorusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1967. Usikisogelee kwa kubahatisha.

Haya nilipaswa kuyajua kabla. Mimi nilianza na droni. Jamaa aliyekuwa akirudi kutoka ng'ambo aliniletea, ikazuiwa pale pale alipotua, kwa sababu kuingiza droni Kenya kunataka kibali cha Mamlaka kabla haijafika, nami kibali sikuwa nacho hata cha kuonyesha. Ilikaa huko miezi. Nilipoipata, betri mbili kati ya tatu zilikuwa zimevimba kama maandazi.

Karatasi zenyewe ni tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya chombo: droni husajiliwa, ikapewa alama yake, na mwenyewe awe ametimiza miaka 18. Ya pili ni ya mtu: leseni ya rubani, wanayoiita RPL. Ya tatu ni ya biashara: cheti cha uendeshaji, ROC, kinachoonyesha kwamba kampuni ina miongozo ya kazi iliyoandikwa, marubani wenye leseni na bima ya kumlipa mtu wa tatu ukimwangushia kitu. Leseni ya rubani peke yake haikupi ruhusa ya kumtoza hoteli pesa. Hapo ndipo wengi walipokwama, wakadhani wamemaliza kumbe wako katikati.

Utasikia pia habari ya gramu 250. "Droni yangu ni ndogo, haihitaji chochote." Hiyo ni ya Marekani na Ulaya, vijana wameitoa kwenye video. Kanuni zetu zinapanga kazi kwa hatari yake, kundi A, B na C, wala si kwa mizani. Droni nyepesi juu ya umati wa Maulidi ina hatari kuliko nzito juu ya shamba la mkonge. Na wako wazee watakaokuambia droni zimepigwa marufuku kabisa. Msiwacheke, kanuni za kwanza za 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata, na kwa muda hapakuwa na mlango wa kuingilia.

Mafunzo niliyafuata Nairobi. Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo chenyewe kina idhini ya Mamlaka, maana cheti cha semina ya siku mbili hakitakupeleka popote. Utatakiwa pia cheti cha afya kutoka kwa daktari anayetambuliwa. Darasani kuna sheria za anga, hali ya hewa, jinsi chombo kinavyopaa, redio, na uchovu wa mwanadamu. Sheria nilizikariri kama alivyokariri kila mtu: futi 400 kutoka chini, yaani kama mita 120, mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo, mchana, na jicho lisipoteze chombo. Ukitaka kuzidi hapo au kuruka usiku, ni ombi lingine.

Lakini somo la hali ya hewa lilinifurahisha, nalo ndilo ninalotaka kulikalia kidogo, kwa sababu mtoto wa pwani analijua nusu yake bila kujua kwamba analijua. Mwalimu aliandika ubaoni taarifa ya uwanja wetu: HKML, kisha 18015KT. Darasa zima likakodoa macho. HKML ni jina la Malindi kwa marubani, kama Lamu ilivyo HKLU. 180 ni digrii za upande unakotoka upepo, na 15 ni noti, kipimo cha mwendo wa upepo. Upepo kutoka digrii 180, noti 15. Nikasema kwa sauti, "Hilo ni kusi." Mwalimu akauliza kusi ni nini, nikamweleza: upepo wa Aprili mpaka karibu Oktoba, mkali katikati ya mwaka, ndio uliokuwa ukivirudisha vyombo India na Arabuni, na kaskazi ya Desemba mpaka Machi ndiyo iliyovileta. Kuanzia siku hiyo sikukariri tena; nilitafsiri tu.

Sasa pigeni hesabu. Noti 20 ni zaidi kidogo ya mita 10 kwa sekunde, na droni nyingi ndogo mwisho wake uko hapo hapo. Kusi la Julai ufukweni linafika huko kabla ya adhuhuri bila taabu, na juu ya paa la hoteli ya ghorofa linazidi. Kwa hiyo msimu wa kusi mimi kazi zangu ni za asubuhi, wakati upepo wa umande bado unatoka bara na bahari imelala. Na siku zote naanza kwa kwenda kinyume cha upepo, ili nirudi nao betri ikichoka. Aliyeanza kwa kuteremka na upepo atarudi akiupanda na asilimia 20 ya betri, akiomba dua.

Kuna jambo halikufundishwa darasani, nami nalisema kwa aibu. Kazi yangu ya kwanza baharini niliirusha droni kutoka kwenye mashua. Nikapiga picha nzuri za tanga, nikaridhika, nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Droni ikageuka vizuri, ikaenda mahali ilipoondokea, ikaanza kushuka. Mahali ilipoondokea palikuwa maji matupu.

"Nahodha, tumesogea?"

"Mwanangu, hiki ni chombo, kazi yake ni kusogea."

Niliinyang'anya uongozi ikiwa kama mita 3 juu ya mawimbi, mikono ikitetemeka. Tangu hapo, kwenye mashua, kitufe hicho kwangu ni kama hakipo: naileta kwa mkono na mwenzangu anaidaka. Na usiisawazishe dira yake karibu na injini au nanga, chuma kinaidanganya. Wala usiishushe sana juu ya maji, kwani macho yake ya chini yanalisoma wimbi kama sakafu. Jioni futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi. Mota hufa kimyakimya kwa chumvi, hazikupi taarifa.

Lamu ni somo lake peke yake. Mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kila mtalii anataka picha ya mapaa. Lakini nyumba ile ilijengwa kwa sitara: ukuta mtupu upande wa njia, kiwanda, yaani ua, ndani, na juu wanawake wanaanika nguo vichwa wazi kwa sababu hakuna wa kuwaona. Wewe ndiye wa kwanza kuwaona katika miaka mia tatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana kwenye hilo, kwa kuwa picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake, lakini kabla ya sheria kuna wazee wa mtaa. Mimi hupita siku moja kabla, nikawaambia saa na upande nitakaorukia, na sirushi wakati wa sala. Mara mbili nimeambiwa "upande huu hapana," na ilikuwa hapana. Harusi za usiku nazikataa zote. Mara nyingi wanaotaka ni wanaume, na wanaoangaliwa ni wanawake.

Upande wa usalama msicheze kabisa. Tangu shambulio la kambi ya kijeshi ya Manda Bay la Januari 2020, kitu kinachovuma juu ya Lamu hakiangaliwi kama mchezo. Pita kituo cha polisi na nakala za vibali kabla ya kufungua mkoba. Ukisafiri kwa ndege, betri zako zikae nawe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye mizigo ya chini, na funika ncha zake za umeme kwa utepe.

Kazi zipo, na haziko kwenye harusi. Wapima ardhi wa Watamu wanataka ramani za viwanja, hoteli zinataka ufuko wao kabla na baada ya bamvua, na wanaohesabu mikoko wana kazi ya miaka, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu.

Kama huna pesa za kampuni, usianze na kampuni. Tafuta mwenye ROC umbebee mkoba na uwe mwangalizi wake, yule anayesimama kando akitazama anga wakati rubani anatazama kioo. Mimi nilikaa miezi minne nikiangalia mwewe. Wanaishambulia droni kutoka nyuma, upande wa jua, na siku niliyopiga kelele "Mwewe, kulia!" kabla rubani hajamwona, ndipo aliponipa rimoti.