Memori ikiisha, hesabu za mtu zisiende nayo

Ndugu zangu mnaotengeneza programu za simu, hili lilinikuta Mwaloni, soko la dagaa pale Kirumba, Mwanza, na linaniuma mpaka leo. Nilimtengenezea mama mmoja wa dagaa programu ya kuandikia magunia, anajaza jina la mteja, idadi, bei, halafu anapiga picha ya mzigo. Kwenye simu yangu inateleza tu. Siku za giza, zile zisizo na mbalamwezi, zikafika, dagaa wamejaa, mama ameshajaza wateja kumi na moja, akafungua kamera, akapiga, kurudi fomu nyeupe. Akanigeuzia simu: "Mwanangu, hesabu zangu ziko wapi?"

Simu yake ina RAM ya GB 1. Kamera ikifunguka memori inabana, Android inaua programu iliyo nyuma, yani yangu, kimya kimya bila hata meseji, na hapo hakuna eror ya kukamata. Kwa hiyo andika kila kitu kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu, pale pale mtu anapokijaza, na kabla hujaita kamera hifadhi pia picha itakaa wapi, usisubiri abonyeze "hifadhi".

Halafu picha zenyewe. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, kila pikseli baiti 4, inakula MB 48 za memori hata kama faili lake ni MB 3 tu, maana ikifunguliwa ule mgandamizo haupo tena. Weka inSampleSize (namba ya kugawanya kila upande wa picha inapofunguliwa) ya 4, inashuka mpaka MB 3 na kwenye kioo kidogo kile mama haoni tofauti. OutOfMemoryError, yani eror ya memori kuisha, ikitokea ikamate hapo hapo kwenye kufungua picha, jaribu tena ndogo zaidi, ikigoma weka kiboksi kitupu kisemacho "picha ipo, haijafunguka" na kazi iendelee. Usiikamate kwa programu nzima, utabaki na vitu nusu nusu. Na wakikushauri largeHeap, ule mpangilio wa kuomba memori zaidi, kataa, programu ikinenepa ndo inakuwa ya kwanza kuuawa ikiwa nyuma.

Kujaribu ni rahisi: jaza fomu nusu, bonyeza homu, kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu piga amri ya adb shell am kill na jina la kifurushi (package name) cha programu yako ili uiue ikiwa nyuma, kisha ifungue tena kutoka kwenye orodha ya za karibuni.

Giza lililofuata nikarudi Mwaloni nikasimama pembeni yake. Akapiga picha, kioo kikawa cheupe kidogo, majina yakarudi yote, na yeye wala hakunitazama, akaita tu mteja anayefuata.