Maswali Yenu: Simba Mwenye Mabawa Asionekane wa Kubandikwa

SWALI: Mteja wangu anataka grifini kwenye ubao wa kichwani wa kitanda: mwili wa simba, kichwa na mabawa ya tai. Nimejaribu mara mbili kwa mvule. Kwanza ncha ya mdomo ilikatika. Pili, mabawa yakawa kama yamegundishwa mgongoni. Nakosea wapi?
Seremala, Dagoretti

JIBU: Fundi, tuanze na mabawa, maana hapo ndipo kazi nyingi za namna hii huharibikia. Mnyama wa kubuni huaminika pale kila kiungo chake kinapochukuliwa kwa mnyama wa kweli. Bawa ni mkono: lina bega, kiwiko na kifundo. Chora mifupa kwanza. Bega la bawa likae juu kidogo ya bega la mguu wa mbele, si katikati ya mgongo. Manyoya yapange safu tatu: mafupi kama magamba ya samaki, ya kati, kisha marefu ya kurukia, kila safu ikishuka milimita 2 chini ya iliyotangulia. Yale mafupi yateremke hadi kifuani yakipungua polepole. Ukiyakata kwa mstari ulionyooka, hapo ndipo sura ya kubandikwa inapotokea. Weka na masikio yaliyochongoka. Bila hayo kichwa ni cha tai tu. Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi yana ndege wengi waliokaushwa. Nenda na penseli uchore bawa la tai ukiwa mbele yake.

Kuhusu mdomo: nyuzi za ubao wako zimelala, na mdomo wa tai hupinda kwenda chini, hivyo ncha inakingama nyuzi na kukosa nguvu. Inamisha kichwa mpaka ncha iguse kifua, au iache ishikane na mbao ya nyuma. Kwa ubao wa milimita 40, milimita 12 za kina zinatosha. Kuchimba chini ya kingo kuje mwisho kabisa, patasi ikisukumwa kwa mkono bila nyundo.

Mvule wenyewe ni mgumu kwa nakshi ndogo. Nyuzi zake hupishana, kwa hiyo patasi iliyoteleza vizuri upande huu hung'oa vibanzi upande ule. Ndani yake pia huwa na vijiwe vinavyobutua makali, basi noa mara kwa mara. Vumbi lake huwasha, vaa barakoa. Kichwa kijaribu kwanza kwenye kipande cha jakaranda, ambayo ni laini.

SWALI: Nadarizi joka la Kichina kwenye foronya za harusi. Ndege gani humfaa?
Msomaji, Eastleigh

JIBU: Fenghuang, dada, yule ndege wa hadithi za Wachina. Joka ni bwana, naye ni bibi. Mpe mkia mrefu wa manyoya yanayopeperuka na rangi nyingi. Usimzungushie moto: anayezaliwa upya majivuni ni ndege wa hadithi za Wagiriki. Kucha za joka ziwe nne kila mguu. Tano zilikuwa alama ya mfalme wa China.