Wateja Wamejaa Dukani, Pesa Haionekani

Wiki iliyopita dada mmoja anayeuza mchele mjini Morogoro aliniandikia kwamba duka lake halikosi wateja tangu asubuhi hadi jioni, lakini kila anapotaka kuagiza mzigo mpya inambidi akope, akaniuliza pesa inakwenda wapi. Nimeuza nafaka Tandale, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, na swali hilo nimeulizwa na wafanyabiashara wengi wenye bidii kubwa.

Kwanza, bei uliyonunulia isikudanganye. Tuseme gunia la kilo 100 limenunuliwa Mbeya kwa shilingi 200,000. Ongeza kupakia, nauli ya lori na kushusha, tuseme shilingi 15,000, kisha pepeta, toa pumba na mawe, ubaki na kilo 97. Kilo moja imekwisha kukugharimu takriban shilingi 2,216, na anayeiuza kwa 2,200 akiamini anapata faida ya 200 anakula mtaji wake huku majirani wakimsifu kwa foleni ya wateja. Dukani kwangu gunia halifunguliwi kabla ya kupanda mizani mbele ya aliyelileta, na bei haiandikwi mpaka hesabu hiyo iishe.

Jambo la pili linauma zaidi. Nilipoamua kujilipa mshahara, kama ninavyomlipa kijana wangu wa dukani, na kukataa kuchota kwenye droo kwa ajili ya michango ya harusi na ada za watoto wa ndugu, nilisemwa sana. Mtu niliyemlea mwenyewe alisimama katika kikao cha familia, mbele ya wazee, akasema pesa zimenibadilisha. Maneno yale hayajanitoka moyoni, ingawa leo mwanawe anasoma kwa fedha zangu, zinazotoka kwenye mshahara wangu na si kwenye mtaji wa duka.

Ndugu zangu, acheni kuona haya kusema hapana. Mtaji ukishaliwa, hakuna shangazi wala mjomba atakayekuja kukununulia gunia jipya, na wale waliokuita mchoyo ndio watakaosema hukujua biashara.

Kwako dada yangu wa Morogoro, anza kwa kuchukua lipa namba ya duka, yaani namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu, ili malipo ya wateja yasiingie kwenye laini ya simu unayonunulia mboga na umeme wa LUKU, na anayedaiwa tangu mwezi uliopita asipimiwe mchele mwingine wa mkopo kabla hajamaliza deni.