Majibu Yanayokuja Karatasi Ikishakusanywa

SWALI: Hujambo mhariri? Nasomea uuguzi, mwaka wa pili. Nikisoma naelewa, na usiku ule ule naweza kumweleza mwenzangu somo zima. Lakini mtihanini naganda, halafu nikiwa kwenye matatu majibu yanamiminika. Ninayeishi naye chumba kimoja akitajiwa namba ya simu mara moja tu, ameishika. Je, kichwa changu hakihifadhi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Kinahifadhi, dada. Kama hakingehifadhi, hata kwenye matatu usingekumbuka kitu. Kinachokushinda ni kutafuta.

Namba ya simu hushikwa na kumbukumbu tendaji, yaani ile inayobeba mambo machache tunayoyafanyia kazi sasa hivi. Uwezo wake ni mdogo kwa kila mtu: mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria mafungu yapatayo 4 tu, na fungu ni kitu kimoja au vitu kadhaa vinavyoshikwa pamoja kama kimoja. Uliyosoma muhula mzima yamo katika kumbukumbu ya muda mrefu, ambayo ni pana mno. Ila kuyatoa huko ni kazi ya hiyo ndogo: ishike swali, ijue umeshaandika nini, iyafukuze majibu jirani yanayojipenyeza.

Mwaka 1997, Virginia Rosen na Randall Engle wa Marekani waliwataka watu wataje wanyama wengi kadiri wawezavyo. Wenye kumbukumbu tendaji kubwa kuliko wenzao walitaja wengi zaidi. Walipoongezewa kazi ya kufuatilia tarakimu huku wakitaja, hao hodari ndio walioshuka, wenzao hawakutetereka. Kwa hiyo ubora wao ulikuwa katika kupanga utafutaji, na kupanga huko kunataka nafasi. Wasiwasi nao hula nafasi hiyo hiyo, basi hata mwenzako anaweza kukwama.

Mwaka 2007 Nash Unsworth na Engle walieleza kwamba mwenye kumbukumbu tendaji ndogo hutafuta katika eneo pana kupita kiasi. Ni kama kumuulizia fundi katika soko la Gikomba bila kujua yuko upande wa mbao au wa mitumba. Eneo hilo unaweza kulipunguza mwenyewe.

Chukua swali, "Taja vali 4 za moyo," yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma. Ukijiuliza tu moyo una nini, zitakuja ventrikali, vena kava na ateri, ambazo si vali, zote zikigombania mlango mmoja. Badala yake chora mraba wenye vyumba 4 pembeni mwa karatasi, uifuate damu. Kutoka chumba cha juu kulia kushuka cha chini: trikaspidi. Kutoka hapo kwenda mapafuni: palmonari. Ikirudi, kutoka chumba cha juu kushoto kushuka cha chini: mitrali. Kutoka hapo kwenda mwilini: vali ya aota. Kila kituo kinadai jibu moja, na yaliyobaki yanabebwa na mchoro, si kichwa.

Lakini mchoro utakufaa ikiwa uliusomea. Kidokezo kisichokuwapo wakati wa kujifunza ni dhaifu wakati wa kukumbuka. Hapa ndipo wengi hukosea: huzidisha saa za kusoma bila kujiwekea njia ya kuyafikia tena waliyosoma.

Na kumweleza mwenzako usiku ule ule si kipimo, kwa kuwa somo bado ni bichi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waligundua kwamba baada ya dakika 5 waliosoma upya walikumbuka zaidi, ila baada ya wiki moja waliojipima ndio waliowapita. Basi funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu kwa dakika 10, ufungue na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia baada ya siku 2, kisha baada ya wiki. Na ukikwama mtihanini, usiling'ang'anie jibu ambalo unajua si lenyewe, maana kila ukilirudia linazidi kuliziba lililo sahihi. Nenda swali lingine, urudi baadaye.

SWALI: Kuna programu ya simu ya kulipia inayoahidi kukuza kumbukumbu ya mtoto. Wangu yuko gredi ya 6. Ninunue?
Mama, Kayole

JIBU: Usinunue, mama. Michezo ya programu hizo humfanya mtoto awe hodari wa michezo hiyo, na ustadi huo hauhamii kirahisi kwenye masomo.

Mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliandika habari za mwanafunzi mmoja aliyefanya mazoezi ya kukariri tarakimu kwa zaidi ya mwaka na nusu, akatoka tarakimu 7 hadi 79. Alikuwa mwanariadha, akizigeuza kuwa muda wa mbio. Mkenya aliyefuatilia mbio za Eliud Kipchoge kule Vienna akisikia 1-5-9-4-0 hashiki vitu vitano, anashika kimoja: saa 1, dakika 59 na sekunde 40, muda aliotumia Kipchoge. Lakini kijana huyo alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye 6 hivi. Nafasi yake ilikuwa ile ile; kilichokua ni maarifa ya kufungia mafungu.

Kwa hiyo mwanao aijue 7 mara 8 bila kuhesabu vidole, ili nafasi ibaki kwa hesabu yenyewe. Na kabla ya chakula cha jioni, muulize maswali matatu ya somo la jana, si la leo, daftari likiwa limefungwa.