Maswali ya Wasomaji: Kulala Garini Mwambao wa Burundi

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Tuna Hiace, tumetoa viti vya nyuma viwili tukaweka kitanda na jiko. Mwezi wa saba tunataka kuvuka mpaka wa Manyovu, mimi, baba watoto na watoto wawili, tulale vijiji vya ufukweni kuanzia Nyanza-Lac mpaka karibu na Bujumbura. Tujiandae vipi?
Mama Watoto, Mwanga, Kigoma

JIBU: Njia si ndefu, mama. Mwandiga hadi Manyovu ni lami, kama kilomita 60. Ukivuka unaingia Mugina, unapita Mabanda, barabara inateremka Nyanza-Lac, na kuanzia hapo Ziwa Tanganyika linakaa kushoto kwako mpaka Bujumbura.

Wanaorudishwa mpakani hurudishwa na karatasi. Kila mmoja, hata mtoto, awe na pasipoti yake na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kadi ya gari iwe halisi, na kama bado ina jina la aliyewauzia (mnajijua), pateni barua yake ya idhini iliyogongwa muhuri wa wakili. Bima ya kawaida inaishia mpakani, kwa hiyo mwombeni wakala Kadi ya Njano ya COMESA, na mwambieni kabisa kwamba viti vimetolewa. Mkipewa kibali cha muda cha gari, msiondoke dirishani kabla ya kulinganisha namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu. Mkirudi, mkirudishe kibali hicho. Kisiporudishwa, gari linahesabika bado liko kwao.

Burundi wanaendesha kulia na usukani wenu uko kulia, maana yake dereva akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Aliyekaa kushoto ndiye jicho. Kubalianeni maneno mawili tu, "bado" na "pita". "Haya" lisitumike, kila mtu hulisikia anavyotaka. Taa zetu nazo zimetengenezwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto. Kule mwanga huo unamwingia machoni anayekuja. Kuna wanaobandika utepe mweusi kwenye kioo cha taa, lakini dawa hasa ni kuegesha kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Jazeni tangi huku huku. Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta miaka ya karibuni na foleni za vituo huchukua siku. Dumu la akiba liwe la chuma, na lisilale chumba kimoja na watoto. Jumamosi asubuhi msipange safari: ni muda wa kazi za jamii, na magari husimamishwa. Kiswahili kitawafikisha sokoni. Mkijua Kiha mtaelewana na kila bibi wa Rumonge, maana Kirundi ni ndugu yake wa damu.

Mkifika Mugere, kabla ya Bujumbura, lipo jiwe lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Mtu akiwaambia ndipo walipokutana mara ya kwanza, mjibuni kwa upole kwamba walishakutana Ujiji.

SWALI: Shikamooni. Mwaka jana gari letu, Noah, lilizama mchangani hatua kumi kutoka majini. Kadiri nilivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyozidi kushuka. Vijana ishirini ndio walilitoa. Tulikosea wapi?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Marahaba. Kosa la kwanza ni kwenda hatua kumi kutoka majini. Ukingo wa ziwa unaonekana mgumu kwa sababu umelowa, lakini chini yake ni changarawe iliyojaa maji, na gari likisimama uzito unayasukuma maji pembeni na tairi linakaa. Mwezi wa tano hadi wa tisa upepo wa kusini-mashariki hupiga mawimbi, kwa hiyo ulipoegesha pakavu jioni, alfajiri pana maji.

Kosa la pili ni upepo wa matairi. Ukiacha psi 36, tairi linakata mchanga kama kisu. Shusha hadi 20 kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Tairi linarefuka chini na uzito unasambaa. Usizidi kilomita 30 kwa saa wala usikate kona kali, tairi laini huchomoka kwenye rimu. Ukirudi lamini, jaza tena papo hapo, maana tairi laini kwa spedi hupata joto na kupasuka. Beba pampu ya volti 12.

Tairi likianza kuzunguka bila gari kusogea, toa mguu. Hapo ndipo gari hupotea: kila mzunguko unachimba, na tumbo la gari likishakaa mchangani matairi hayana kazi tena. Chimba kwa chepe nyuma ya matairi yanayovuta na chini ya tumbo, lalisha mbao, rudi nyuma taratibu kwa njia uliyoingilia. Jeki iwekwe juu ya ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30, la sivyo itazama yenyewe. Ila kwa Noah ushauri wetu ni kubaki juu kwenye udongo na kutembea kwa miguu.

SWALI: Tunaruhusiwa kulala mwaloni?
Kijana wa Ujiji

JIBU: Usilale mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Mchanga ule mweupe uliofagiliwa vizuri, ambao mgeni anauona "nafasi", ni uanikio wa dagaa wa mtu. Usiku wa giza injini na taa za wavuvi hazinyamazi; mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, kijiji kinatulia na dagaa wanaadimika. Mwone mkuu wa kilima, ndivyo wanavyoita eneo, ukiwa bado una mwanga, umwonyeshe hati, akupangie uwanja wa shule au wa kanisa. Kaa mbali na midomo ya mito kwa ajili ya mamba. Kuelekea Bujumbura viboko hupanda nchi kavu usiku kula majani, kwa hiyo usiegeshe kati ya njia yao na maji.

SWALI: Nina betri ya pili ya Ah 100. Friji ya volti 12 inazima saa nane usiku ilhali betri inasoma 12.4. Betri mbovu?
Fundi chipukizi, Tabora

JIBU: Betri nzima, waya ndio mwembamba. Pima kwenye plagi ya friji ikiwa inafanya kazi, si kwenye betri. Friji inavuta amp 5 hivi. Waya wa milimita mraba 1.5 wa mita 6, kwenda na kurudi 12, unakula karibu volti 0.7. Friji inaona 11.7 na kinga yake inakata. Weka waya wa milimita mraba 6, fyuzi ya amp 15 karibu kabisa na betri, ondoa plagi ya kiberiti. Kinga ya friji ipeleke ngazi ya chini.

SWALI: Usiku kuna baridi ya ziwani. Tukiingiza jiko la mkaa dakika chache tu?
Msomaji, Kibirizi

JIBU: Hata moja, hata madirisha yakiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu na aliyelala haamki. Ongezeni blanketi.